Unga wa Safari ya Japani

Walisema Kijapani kitanishinda. "Mjukuu wa bibi huyu? Kireno chenyewe anakitafuna," mama jirani alisema, na mtaa mzima ukacheka naye. Basi rafiki yangu, diploma ninayo, imetundikwa ukutani, na darasani nilikuwa wa kwanza. Asiyeamini aje aione.

Lakini juzi nilirudi kwetu Mocímboa, kaskazini mwa Msumbiji, nikasikia mchi ukitwanga uani kwa jirani yule yule, na majivuno yakanitoka kidogo.

Kwetu, kwa jambo zito, mkubwa hamjibu mtoto ndiyo wala hapana. Humtuma kazi. Nilipopata bolsa, ule ufadhili wa masomo, ya kwenda kusoma Japani, nilimwomba bibi ruhusa. Mimi ndiye niliyemchotea maji na kumkunia nazi. Nikiondoka, anabaki peke yake. Hakunijibu. Aliniambia niloweke mchele, nikaazime kinu kwa jirani, nitwange. Nilitwanga kwa hasira, nikiamini ananiadhibu. Alasiri unga ukakorogwa na tui, iliki ikanukia hadi njiani, makaa yakawekwa chini na juu ya sufuria. Mkate ulipoiva akaufunga kwa kitambaa.

"Masurufu yako ya safari hayo," alisema.

Huko Japani, siku moja mwalimu aliandika ubaoni habari za mama na mtoto kwa kitenzi kimoja: ikaseru. Akasema ni kumlazimisha mtoto aende, na ni kumruhusu aende vilevile. Kijineno kinachofuata neno "mtoto" husaidia kidogo: "o" huelemea amri, "ni" huelemea ridhaa, yanayobaki uyasome katika mazingira. Wenzangu walikuna vichwa. Mimi nilinusa iliki. Kwa bibi, amri na ruhusa vilitwangwa kinu kimoja.

Alifariki nikiwa huko. Nyumba yake sasa ni msingi tu, nyasi zimeota palipokuwa na jiko.

Niliporudi nilimlipa kila aliyeniazima kitu cha safari: mwalimu wangu wa zamani sanduku lake, fundi cherehani koti lake. Likabaki deni la kinu. Nikamuuliza mama jirani nimlipe nini.

"Haya, mwenye diploma," alisema, akinipa mchi wa pili, "twanga."

Mjukuu wake alikuwa kinuni, amenuna. Ameomba kwenda kusoma Pemba, mji mkuu wa jimbo letu, na bibi yake hajamjibu neno. Nilikunja mikono ya shati, tukatwanga kwa kupokezana, naye mama jirani akaenda kuwasha makaa.