Joto la Kidole Gumba

Fundi wa kung'arisha lenzi humalizia kazi kwa vidole vitupu, na kila anapomletea mkaguzi kioo husema yaleyale: “Kiache kipoe kwanza, dada. Joto la mkono litakudanganya.” Kisha hujifuta unga mwekundu wa kung'arishia kwenye aproni, hukohoa kidogo kama mgeni mlangoni, akarudi zake. Kanuni hiyo mkaguzi anaijua fika. Lakini fundi akishampa mgongo tu, yeye hukiweka kioo chini ya taa papo hapo. Pale kidole gumba cha fundi kilipokaa, kioo kimevimba kiasi ambacho mbele yake unywele ni gogo, na pete za rangi ambazo taa huzichora juu ya kioo zimepinda. Huzitazama zikirudia mviringo wake polepole, mpaka inakuwa kama hakuna aliyewahi kukigusa. Ndipo hupima.

Leo fundi anaaga, kapata kazi mji mwingine. Kioo chake cha mwisho amekileta kwa glavu, baridi kama maji ya mtungi. “Leo sikuchoshi kusubiri,” akacheka, mkoba begani. “Kipime niondoke.” Chini ya taa, pete zilikuwa mviringo kamili tangu mwanzo.

“Vipi, kiko sawa?”

Mkaguzi akazima taa. “Ngoja kwanza,” akasema. “Hakijapoa.”