Nilipata kibali cha karakana ya bunduki nyumbani kwangu Nachingwea wakati majirani wote wako shambani

Wakuu, salamu kutoka Kusini, huku ambako vumbi jekundu ndiyo perfume yetu.

Ninachoandika hapa kimenipata mimi mwenyewe, si cha kusimuliwa. Mke wangu kakaa hapa pembeni anasoma kila mstari, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi sina nafasi.

Ni kirefu kidogo. Mwenye haraka ashuke chini kabisa, ila atakosa utamu.

Mimi ni fundi. Hapa Nachingwea watu wananijua kwa mageti na madirisha ya kuchomelea, lakini kazi iliyo damuni ni bunduki.

Msishtuke jamani. Nilikaa Dar miaka kadhaa kwenye kampuni ya ulinzi, nikihudumia chumba cha silaha. Kusafisha, kubadilisha spring, kunyoosha mitambo ya shotigani zilizochoka. Msingi wenyewe nilipewa na mjomba wangu, kaka yake mama, kule Mbekenyera, Ruangwa. Yeye alikuwa fundi wa magobore, zile bunduki za kushindilia baruti mdomoni.

Kwa wasiojua, huku kwetu bunduki ya mkulima ni kama jembe lake la pili. Nguruwe pori akiingia kwenye mahindi, asubuhi unakuta mabua tu. Na kule Namungo kwenye machimbo ya dhahabu kuna walinzi wenye silaha halali. Sasa silaha ya mtu ikiharibika, anafunga safari hadi Dar kutafuta fundi anayetambulika. Wengine wanaona uvivu, wanampa fundi baiskeli. Mnaelewa kinachofuata.

Mimi nikasema hapana, nitafanya kitu halali. Karakana ndogo ya kurekebisha silaha za watu wenye vibali, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yangu.

Upande wa polisi sitauingilia sana, una mlolongo wake na mods wasije wakaufuta uzi. Itoshe kusema walinihoji, wakaona vyeti vyangu, wakaniambia: lete kwanza kibali cha eneo.

Hapo ndipo hadithi inapoanzia.

Kiwanja changu ni cha makazi. Ukitaka kufanya biashara ya aina hii unaomba kubadilisha matumizi. Unajaza fomu, unapitia kwa mtendaji wa mtaa, halafu unasimamisha kibao mbele ya nyumba kinachoeleza kusudio lako. Kinakaa mwezi mzima. Mwenye pingamizi anaenda kuandika. Mwezi ukiisha kimya, faili linasonga.

Sasa wakuu, mtu wa Kusini akisikia "mwezi mzima" anauliza swali moja tu: mwezi gani?

Maana msimu wa korosho mtaa wetu unahama. Siyo kwamba watu wanaenda na kurudi, wanahama. Mlango unafungwa kwa kufuli, sufuria zinapakiwa kwenye bodaboda, kuku wanafungwa miguu, familia nzima inaenda kuishi kwenye kibanda shambani mpaka korosho ya mwisho iokotwe. Majirani zangu wengi mashamba yao yako Kiegei. Mtaani wanabaki wagonjwa, walimu, na mafundi kama mimi.

Kibao changu nilikisimamisha wiki ile ile watu walipomaliza kuondoka.

Naomba hapa niwe mkweli, maana nisipokuwa mkweli uzi huu hauna maana. Sikukaa chini nikapanga ujanja. Lakini nilijua. Nilishika koleo nachimba shimo la kibao, nikatazama huku na huku, makufuli matupu, na moyo ukaniambia "afadhali". Nilifurahi, wakuu. Nilishindilia udongo huku napiga mluzi.

Mwezi ukaisha. Kibao kilisomwa na mbuzi.

Siku ya kuhojiwa, afisa ardhi aliuliza, "Majirani wanasemaje?"

Nikamjibu, "Hakuna aliyepinga, mheshimiwa."

Akaandika. Sikusema uongo hata neno moja. Ndiyo maana liliniuma sana baadaye.

Kibali kikatoka na muhuri wake. Nikachomelea kabati la chuma, nikaweka nondo dirishani, nikapaka chumba rangi. Mke wangu akauliza mara moja tu, "Mama Somoe anajua?" Nikamwambia atajua akirudi. Akarudi jikoni.

Mama Somoe ni jirani wa ukuta kwa ukuta. Mjane, Mmwera mwenzangu, mwislamu safi. Sisi ni wakatoliki, na kwa miaka yote Idi tunakula kwake, Krismasi anakula kwetu. Binti yangu Hilda na Somoe wake wamekua kama mapacha. Kati ya nyumba zetu kuna kichochoro ambacho hakijawahi kuwa na mlango. Chumvi, moto, habari za misiba, vyote vilipitia hapo. Na mimi hajawahi kuniita jina langu. Ni "Baba Hilda" basi.

Akarudi kutoka Kiegei na magunia yake. Kila mwaka akirudi, kabla hajafagia kwake, anatuletea bakuli la mbaazi mbichi na salamu ndefu. Safari hii alisimama mbele ya kile kibao, maana nilikuwa sijakitoa bado. Alisoma taratibu. Kisha akaingia ndani kwake.

Bakuli halikuja.

Asubuhi ya siku ya tatu nikasikia panga linakata mianzi. Kutoka nje, namkuta anafunga uzio katikati ya kichochoro. Kamba kwa kamba, peke yake.

Nikasema, "Mama Somoe, habari za shamba?"

"Nzuri, fundi."

Fundi! Wakuu, nimeitwa fundi na watu wengi tu, na sijawahi kusikia limetamkwa namna ile. Nilirudi ndani nikakaa kwenye ile karakana mpya inayonukia rangi. Niliona aibu, na nilikuwa na hasira pia. Nikawa najiambia, kibali ninacho, muhuri upo, afunge mianzi mpaka mbinguni.

Hasira hiyo ilidumu kama wiki mbili. Hilda alikuwa anazunguka barabara nzima kwenda kucheza na Somoe, halafu ikafika siku akaacha kwenda.

Nikaona nimfuate mjomba Mbekenyera. Kwetu Wamwera jambo likikushinda unaenda kwa mjomba, baba anaweza kusubiri.

Nilimkuta anaanika ufuta. Ni mzee sasa, vyombo vyake vya magobore alishavisalimisha siku nyingi, serikali ilipowapa nafasi wasio na karatasi. Alivibeba mwenyewe kwenye baiskeli akavipeleka. Nikamweleza yote nikitegemea ataona uchungu wa ufundi wangu.

Akaniuliza, "Mimi nilikuwa nafanyia wapi kazi?"

"Kule bondeni, mjomba. Mbali na nyumba."

"Na mwenye gobore alikuwa anakaa wapi?"

Hapo nikakumbuka. Mjomba alikuwa na sharti lake: mwenye bunduki anakaa mbele yake mpaka kazi iishe, kisha anaondoka na bunduki yake siku ile ile. Kama haijaisha, anaondoka nayo mbovu, anarudi nayo kesho. Zama zile nilidhani ni kukosa kabati.

Akasema, "Kabati nilikuwa naweza kutengeneza. Ila nilikuwa na majirani."

Akaendelea kuanika ufuta wake. Mimi nikapanda bodaboda kurudi.

Nilienda kwa mwenyekiti wa mtaa nikaomba aitishe kikao cha majirani. Akanishangaa: "We si ushapewa kibali? Unatafuta nini tena?" Nikamwambia natafuta kuwauliza. Akacheka, ila akaitisha.

Walikuja watu kama ishirini, watu walewale wa makufuli. Nikasimama nikasema kibao nilikiweka mkiwa shambani, na nilijua mko shambani. Nikawaambia, leo mpo, semeni.

Walisema weee! Mmoja aliuliza kama ni kiwanda cha mabomu. Mwingine alitaka nimtengenezee kwanza geti lake nililochukulia vipimo tangu mwaka juzi. Watu wakacheka, nikapata nafuu kidogo.

Kisha Mama Somoe akasimama. Hakupandisha sauti.

"Mimi wewe sikuogopi. Nakufahamu. Nimekuona unamnawisha mtoto, nimekuona unalia msibani kwa mume wangu. Namwogopa yule atakayesikia kwako kuna bunduki, akaja kuzitafuta, akakosea mlango. Mlango utakaofuata ni wangu, na ndani tuko wanawake wawili."

Akakaa.

Wakuu, mimi ni mtu wa nondo na kabati. Nilikuwa na jibu la kila swali la afisa: unene wa bati, aina ya kufuli, idadi ya funguo. Swali lile la mlango wa pili halikuwa kwenye fomu, na mimi sikuwahi kulifikiria hata siku moja. Kabati langu lilikuwa linalinda bunduki tu.

Wiki ile nikakirudisha kibali. Afisa alinitazama kama mgonjwa. Aliniambia hajawahi kuona mtu anarudisha. Kusema kweli sikujisikia shujaa. Nilijisikia vibaya sana, kwa sababu ile ndiyo ndoto niliyotoka nayo Dar, na nilikuwa sijui kama nitapata nyingine. Chumba cha mbele tukakirudisha kuwa sebule.

Uzio ulibaki. Tusidanganyane, mambo hayanyooki siku moja.

Msimu uliofuata mjomba akanipa kipande cha ardhi kule bondeni kwake, mbali na makazi. Ni ardhi ya kijiji, kwa hiyo lazima mkutano wa kijiji uridhie. Safari hii nilienda mwenyewe kibanda kwa kibanda, mashambani, na karatasi yangu. Wazee wengine Kiswahili kinawapiga chenga, mjomba akawa anawaeleza kwa Kimwera. Na sharti lake nikaliandika kwenye maombi: hakuna silaha itakayolala pale.

Siku ya mkutano, mtu mmoja akauliza swali la haki kabisa: "Huyu katokea Nachingwea. Kwa nini kwao walimkataa?"

Nikafungua mdomo nijibu. Nyuma kabisa, upande wa akina mama, mtu akasimama. Buibui limejaa vumbi la barabara, pembeni yake amekaa mke wangu, ambaye asubuhi aliniaga kwamba anaenda kliniki!

Alikuwa Mama Somoe.

"Aliyemkataa ni mimi," akasema. "Baba Hilda alikuwa na karatasi yenye muhuri. Angeweza kuninyamazisha nayo. Akaja akaniuliza. Nimepanda gari toka Nachingwea kuwaambia hilo tu."

Akakaa.

Mikono ilinyooshwa mingi. Mzee mmoja hakunyoosha, akasema bado anafikiria, na nimemwachia haki yake. Faili sasa liko polisi, nasubiri. Linaweza kukwama, sijui.

Ila wakuu, pale mkutanoni mikono sikuihesabu. Nilikuwa bado nimeshikilia lile "Baba Hilda".

Nilichojifunza: mtu kutokupinga na mtu kukubali ni vitu viwili, na wewe mwenye shida ndiye unayejua kabisa umepata kipi. Ofisi haiwezi kujua. Mimi nilijua siku ile ile nachimba shimo la kibao.

Wenye uzoefu wa kubadilisha matumizi ya viwanja karibuni mseme, hasa nyie mnaoishi na baa, gereji au mashine ya kusaga ukutani. Mliulizwa mkiwa nyumbani, au mliulizwa mkiwa shambani?

Na yule wa geti, nimeshalimaliza. Njoo uchukue.