Beki wa Amerika na Kiatu cha Kushoto

Nakiri mwenyewe, maana mji wetu mzima wa Koboko unajua tayari. Mimi ni mwalimu, na ndimi mtangazaji wa mechi zetu zote. Kazi hiyo nilijifunza redioni tu. Mchezo kwenye televisheni sikuwahi kuuona. Lakini mwenye ukumbi wa video alipoleta kanda ya mpira wa Amerika, ule wa kofia ngumu na mpira kama yai, nilishika kipaza sauti bila aibu.

Beki mmoja akaruka, akaudaka mpira aliorushiwa mpinzani wake, akaanguka nao.

"Ameunyakua!" nikapiga kelele. Ukumbi ukalipuka.

Mara akaruka tena, akaunyakua.

"Mara ya pili!"

Mara ya tatu aliruka polepole sana, nikawaeleza watu kwamba sasa amechoka. Ya nne nikamtangaza beki bora duniani. Watu walisimama juu ya mabenchi.

Mama Zainabu, muuza chai, hakusimama.

"Mwalimu," akauliza, "huyu mutu iko na viatu ngapi? Kila mara anaanguka, ile ya kushoto inatoka."