Mashine Isiyojua Kusoma

Kwa miaka kumi na tisa Mama Santuri alikuwa akiifuta vumbi mashine ile, na siku shemeji yake alipoamua kuiuza hakuambiwa. Alijionea tu mnunuzi akiingia baa na futi mkononi.

Jina hilo alibandikwa na walevi. Jukiboksi, mashine hiyo ya kupiga santuri kwa sarafu, aliinunua mumewe kwenye klabu iliyofungwa, enzi ambazo mtu alitoa sarafu yake ya mwisho asikie wimbo mmoja. Kabla hajafa alitamka mbele ya watu, "Hii ni ya mke wangu." Lakini maneno hayana mhuri. Shemeji, karani mstaafu, akatwaa baa ya nduguye na vyote vilivyomo, akamwachia mjane chumba cha nyuma maadamu mashine inahitaji mtu wa kuitunza. Ikiondoka, naye aondoke.

"Bonyeza wimbo wowote, bwana," Shemeji akamwambia mnunuzi. "Nimeipanga mwenyewe jana, kwa alfabeti. Huyu shemeji yangu alikuwa ameiacha shaghalabaghala."

Mnunuzi akatumbukiza sarafu, akachagua wimbo wa harusi. Nyuma ya kioo, kigari kikateleza mbele ya santuri zilizosimama wima, kikasita, mkono ukachomoa moja, sindano ikagusa. Ukatoka wimbo wa mazishi.

Walevi wawili wa mchana wakaangua kicheko. "Ndoa za siku hizi ndizo hizo!"

Akajaribu tena. Alitaka rumba, akapewa kwaya. Shemeji akaizaba mashine kofi la ubavu.

"Usiipige, haina kosa," alisema Mama Santuri. "Jana ulipanga nini?"

"Vikaratasi vya majina. Nini kingine?"

"Na santuri?"

Shemeji akachungulia ndani ya kioo.

"Mashine haijui kusoma, kama mimi tu. Ukibonyeza, inahesabu nafasi. Umehamisha majina, wenye majina wamebaki walipokuwa."

"Basi rekebisha upesi! Santuri zenyewe zimefutika maandishi, ni wewe unayezijua."

Miguu ya Mama Santuri ilikuwa ikiwaka moto tangu alfajiri. Maisha yake yote akiambiwa rekebisha, alirekebisha.

"Nitarekebisha. Kwanza mwambie huyu baba mashine ni ya nani."

"Mambo haya tutayamaliza nyumbani."

"Nyumbani wapi, na mimi leo hii natolewa?"

Mlevi mmoja akaweka glasi chini. "Sema, karani. Marehemu alipotamka, mimi nilikuwa nimekaa hapa hapa."

Shemeji akatazama mlango, akatazama dari. "Ni yake," akasema, kama mtu anayeng'olewa jino.

Mnunuzi akakunja futi yake. "Basi mama, unauza?"

"Siuzi."

Akaaga, akaenda zake. Hakuna aliyepiga vigelegele. Ushindi gani huu, aliwaza Mama Santuri, wa kubaki na chumba kinachovuja na shemeji mwenye kinyongo? Tena vile vikaratasi, kwake vyote vilikuwa mikwaruzo ya kuku. Santuri alizijua zote kwa nafasi zake, ila jina la kila moja lilikuwa limeandikwa kwenye kikaratasi kipi, asingejua hadi kiyama.

Akavuta viti viwili, akafungua kioo.

"Kaa unisomee. Mimi nitakuonyesha pa kuchomeka."

Shemeji akavaa miwani polepole. "Viko themanini."

"Najua. Anza."