Ada ya Chini Kabisa

Mimi ni mtu wa kubishania bei. Hapa Wandegeya, ninakochapa tasnifu za wanafunzi, sinunui hata ndizi bila kuvutana na muuzaji. Tabia hiyo ndiyo iliyomponza mama wa Kikongo anayepika fufu na maharage mbele ya duka langu.

Alikuwa amepata meza ndani ya soko, aondokane na kunyeshewa. Sharti lilikuwa moja, alipe kabla ya saa kumi jioni. Mdogo wake wa kiume, aliyebaki Kongo, alikuwa na bitcoin, zile pesa za mtandaoni. Asubuhi kijana huyo akanipigia simu, akaniuliza achague ada ipi ya kuzituma, maana mimi ndiye mjuaji. Nikamwambia, "Chagua ya chini kabisa. Usiwape watu pesa ya bure."

Akatuma. Kumbe soko la bitcoin halina kupunguziwa. Malipo yote huandikwa kwenye daftari moja la dunia nzima, bloku moja, yaani kama ukurasa mmoja, kila baada ya dakika kumi hivi, na nafasi katika bloku ni finyu. Mwenye ada nono huingia kwanza. Siku hiyo watu walifurika, yetu yakabaki nje. Mbadilisha fedha wa hapa, wa kutugeuzia bitcoin kuwa shilingi, akagoma kutoa shilingi hata moja mpaka yaandikwe. Yule mdogo mtu angeweza kuongeza ada, lakini kwao mtandao ulikatika. Nilipiga simu mpaka nikaichukia.

"Papa, makuta ishafika?" mama akaulizia pesa zake.

"Bado, mama."

Saa saba akauliza tena. Saa tisa hakuuliza, alisimama tu mlangoni na mwiko mkononi. Nikaanza kumweleza kwa nini bloku hazipanuliwi. Bloku kubwa huchelewa kusafiri, nikasema, na kompyuta zenye mtandao wa kujikokota huachwa nyuma. Kama hii yangu ya chini ya meza, inayotunza nakala ya daftari lile. Bloku ni ndogo ili na sisi wanyonge tuwemo. Nilikuwa najivunia sana jambo hilo.

Akainama, akaitazama.

"Na hii mashini yako, inasaidiaka nani?"

Saa kumi ilipopita, meza ikapewa mtu mwingine.

Malipo yaliandikwa kesho yake asubuhi, na mtandao wa Kongo nao ukarudi, kama kwa kunikomoa. Mama akampigia mdogo wake pale pale mlangoni kwangu, spika wazi, sauti juu.

"Uliogopa kuongeza kidogo tu! Ubahili yako imenikosesha meza!"

Nikasubiri yule kijana anitaje. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo kujitetea.

"Unisamehe, dada," akasema.

Jina langu hakulitaja. Mimi, nisiyejua kunyamaza mbele ya bei ya ndizi, niliinamia rundo la karatasi nililokwisha kulihesabu, nikaanza kulihesabu upya.