Mkaa Uliofukiwa Uani

Niliimwagia ile nyama ndoo nzima ya maji ya kufulia. Steki zilikuwa zimelazwa juu ya mkaa wenyewe, bila wavu, mafuta yanachuruzika, wanaume wamechuchumaa kuzizunguka. Jivu liliruka mpaka usoni kwao. Ndoo nayo nikaitupa.

"Shemeji, umechanganyikiwa?" mdogo wa mume wangu aliruka. "Unamwagia maji nyama za watu!"

"Na bado," nikamwambia. "Washa tena uone."

Mwanangu wa kike, miaka mitatu, alikuwa amefika katikati ya uwanja. Alikuwa anajisogeza kwa makalio kutoka mlangoni kwetu, mguu wenye bandeji ameuinua usiguse chini, kwa sababu alikuwa ameitwa: "Njoo malkia, baba mdogo akupe steki." Shemeji alikuwa anamwita aje palepale mguu ulipoungulia. Palepale, hata hatua moja pembeni hakusogea.

Tunaishi mtaa wa Lizaboni, kwenye nyumba ya wakwe zangu. Mume wangu yuko mbali, Namasakata, kwenye korosho, anarudi msimu ukiisha. Mdogo wake anaendesha bodaboda, na Jumapili baada ya misa wenzake wa kijiweni huja na steki kutoka buchani. Jiko hawalitaki, wanasema linaharibu ladha. Mkaa unamwagwa chini, unapepewa kwa kipande cha boksi mpaka uwe mweupe wote, halafu nyama inalazwa juu yake hivyohivyo. Inageuzwa mara moja tu. Jivu linakung'utwa kwa kisu, chumvi, ndimu, basi. Sitasema uongo, ni tamu. Mwanangu aliipenda kuliko chakula chochote. Alikuwa anasimama mbele ya baba yake mdogo kaachama kama kifaranga, na yule bwana anaipuliza kwanza ipoe ndipo ampe. Hilo nalo ni kweli na ndilo linaloniuma.

Wakishashiba, mkaa hawauzimi kwa maji. Mama mkwe hataki, anasema mkaa ukishaloa umekufa. Kwa hiyo shemeji anachukua sepetu, anaufukia kwa mchanga uzimike wenyewe, kesho ufukuliwe tuchemshie maharage. Haweki jiwe juu, haweki hata kijiti. Anasawazisha vizuri kabisa, na mama mkwe, ambaye hawezi kuvumilia uwanja mchafu, anapitisha ufagio. Ukiangalia unaona uwanja umefagiwa, basi. Na chini ya mchanga ule moto unakaa hai saa nyingi, umetulia.

Siku aliyoungua, mwanangu alikuwa anamkimbiza kuku, peku. Mimi nilikuwa naanua nguo. Kwanza vicheko vilikatika. Kisha kikaja kilio ambacho sikujua kama ni chake. Mguu ulikuwa umezama mpaka kwenye kifundo, naye amesimama humohumo, hajui autoe vipi.

Mama mkwe alikimbilia dawa ya mswaki, akaupaka unyayo wote. Kwenye kituo cha afya muuguzi ilibidi aiondoe yote, na mtoto akalia upya.

"Nani kampaka hii?"

Nikanyamaza. Siku zile nilinyamaza sana.

"Bahati mbaya, shemeji," yule bwana alisema tuliporudi. "Na mtoto mwenyewe hatulii."

"Ungekuwa unamwangalia mwanao, mwanangu," mama mkwe akaongeza, taratibu, kwa sauti ya kunihurumia. Nikaingia ndani na mtoto. Samahani hakupewa mtu, na mtoto ndiye wa kwanza aliyestahili kuisikia.

Sasa anaogopa ardhi. Nikimshusha anakunja miguu yote miwili, hata ule mzima.

"Mama, hapa pana moto?"

"Hapana, mama."

"Na hapo?"

Naweka kiganja changu chini, nakibonyeza aone, nasogea, naweka tena. Anatazama mkono wangu, haniamini. Muuguzi alinieleza wazi: ngozi ya unyayo inapopona inavuta. Asipoanza kukanyaga, vidole vitakunjika na kubaki hivyo. Kila asubuhi nambembeleza mtoto akanyage uwanja ule, na Jumapili ile nikatoka na ndoo yangu nikakuta wamemwaga mkaa na sepetu imeegemezwa ukutani, inasubiri.

Jioni mume wangu akapiga simu. "Umemmwagia mdogo wangu maji mbele ya rafiki zake?"

"La nyama umeshaambiwa. La mguu umeuliza?"

Akasema tu, "Subiri nije, tuongee kifamilia."

"Mwanao asubiri kutembea mpaka korosho ziishe?"

Akakata.

Asubuhi mama mkwe alinikuta namfunga mtoto mgongoni niende ofisi ya mtaa. Hakugomba. Alisimama mlangoni na kanga yake begani, akaniuliza, "Ukienda kumshtaki mwanangu serikalini, utarudi kulala wapi?"

Nilisema tu, "Shikamoo, mama," maana nilikuwa sijamwamkia, nikapita.

Kwenye ofisi ya mtaa, mtendaji alinisikiliza mpaka mwisho, akasugua macho. "Dada, haya si ya kuyamaliza nyumbani?"

"Tulishayamaliza nyumbani. Yaliisha kwa mimi kunyamaza."

Akamtazama mtoto, akautazama mguu, akanisogezea karatasi na kalamu. "Kuandika unajua?"

"Nina kidato cha nne."

Niliandika nimesimama, mtoto mgongoni kalala, bandeji inanigusa ubavuni:

"Namlalamikia shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, kwa kufukia mkaa wa moto uani bila alama yoyote, ukamuunguza mtoto wangu unyayo, na kwa kuwasha tena mahali palepale mtoto akiwa bado na bandeji. Siombi akatazwe kula nyama. Naomba aitwe hapa, aamriwe kuwasha mkaa wake ndani ya jiko na kuuzima kwa maji. Naomba pia aufukue uwanja wote kwa mikono yake, mtoto akimwona. Muuguzi amesema mtoto lazima akanyage chini, na uwanja mwingine hana."