Nilisema Simama, Kanisa Likasimama

Naandika haya nikiwa nimejifungia chumbani, kwa sababu nikitoka nje tu kuna mtoto atapiga kelele "Simama!" na wenzake wote wasimame wima kama wako kwenye gwaride, halafu wacheke hadi wakae chini, na siwezi kuwakasirikia kwa sababu mimi ndiye niliyewafunza. Aibu hii nimejitafutia mwenyewe.

Anayenijua anajua sauti yangu. Nasoma Kidato cha Pili, nakaa dawati la mbele, na bado mwalimu akiita majina mimi huandikwa kwamba sikuja (nimeitika, jamani, ni vile tu haisikiki).

Sasa, Baba alikuwa ameamua kununua gari. Broka alikuwa na mawili kama mapacha, yote yametoka Japani, ila moja lilikuwa na kidude ndani ya bampa ya nyuma, kinalia ti, ti, ti ukikaribia kugonga kitu. Hilo bei yake ilikuwa juu, na hiyo nyongeza ndiyo pesa ambayo ingemnunulia Mama cherehani. Hakuna aliyelitamka jambo hilo, lakini chai ya Baba ilianza kuja bila sukari.

Baba alikitaka kidude kwa sababu kwenda mbele anajua, hata mluzi anapiga, lakini akitia giya ya kurudi nyuma anatokwa na jasho. Mimi nilikitaka kuliko yeye. Bila kidude ni lazima mtu asimame nyuma ya gari mbele ya mtaa mzima aseme "kuja, kuja, kuja", na kwetu mimi ndiye mtoto wa pekee, kwa hivyo huyo mtu angekuwa nani? Baba aliponiuliza, "Nekesa, wewe unaonaje?" nikamjibu, "Kinafaa, Baba, nunua," na Mama akaniangalia kama mtu aliyeuzwa na ndugu yake.

Jana Jumapili broka akaleta gari ili tulijaribu. Kando tu ya mahali pa kuegesha, kanisa lilikuwa limepiga hema kumpokea mchungaji mpya, na mchungaji alikuwa amechelewa, jua kali, nusu ya watu wamelala kwenye viti. Mzee wa kanisa alikuwa amewaonya kwa kipaza sauti mara nyingi hadi sisi wa nyumbani tukakariri: "Mgeni akifika, mkisikia 'simama', kila mtu juu, na wimbo uanze!"

"Mzee, hii gari iko na macho nyuma," broka akamwambia Baba. "Hata nzi haiwezi kugonga."

Wakajaribu kwa ukuta, kikalia. Broka akasimama mwenyewe nyuma ya bampa, kikalia. Baba akacheka kama mtoto. Kisha akatoa kichwa dirishani. "Nekesa, kuja usimame nyuma uniangalilie."

Nikaangalia hema, nikaangalia kwaya, nikasema, "Si kuna kidude, Baba?" Nikajificha nyuma ya mashuka yaliyoanikwa. Uamuzi wangu mdogo ulikuwa huo tu.

Nikiwa hapo ndipo nikaona sufuria. Akina mama wa kanisa walikuwa wameipua pilau na kuiweka chini pembeni mwa hema, sufuria pana, fupi, imefunikwa sinia, kisha wakaenda kuleta sahani. Gari linakuja kinyumenyume. Baba anaangalia mbele (mbele!), ametega sikio kwa raha zake, na kidude kimenyamaza kabisa.

"Baba, simama," nikasema. Hakusikia. Nikasema tena. Halafu sijui ni nini kilinishika, nikapanua mdomo na ikatoka sauti ambayo sijui imekuwa ikikaa wapi miaka hii yote: "SIMAMAAA!"

Gari likasimama. Na kanisa lote likasimama. Waliolala wakaamka wakiwa tayari wamesimama, ngoma ikaanza, wimbo ukapanda, na mama mmoja akakimbia na shada la maua, akafungua mlango wa gari na kumvika Baba shingoni. "Karibu, mtumishi wa Bwana!"

"Mimi ni Baba Nekesa," Baba akasema. "Wa mlango wa bluu, hapo."

Wimbo ukafa vipande vipande. Mzee wa kanisa akauliza kwa kipaza sauti, "Ni nani amesema simama?" na watoto wakanionyesha kwa vidole, nami nikajifunika shuka mbichi usoni, nikaomba ardhi ipasuke.

"Ngojeni kwanza!" mama mpishi akapiga kelele. "Oneni sufuria!" Kati ya bampa na sinia hata mkono usingepita. "Huyu msichana ameokoa chakula cha kanisa!" Vigelegele! Nikavutwa kutoka kwenye shuka, nikapigiwa makofi.

"Ni vile sufuria ni fupi, mzee," broka akajitetea. "Kidude kinaona vitu virefu. Vya chini, hapana."

Mama alikuwa amekunja mikono. "Na watoto wanaocheza chini hapa," akauliza polepole, "ni warefu?"

Baba akavua shada, akafikiria, akasema, "Niletee lile lingine."

"Lisilo na kidude?"

"Changu ninacho," Baba akasema, na kunivika lile shada.

Nikala pilau kabla ya mchungaji, nimeketishwa mstari wa mbele, na usiku Mama akaimba akipima pale mezani cherehani itakapokaa.

Lakini naapa sitasema tena "simama" karibu na watu walioketi. Nitasema "breki". Leo asubuhi nimelijaribu dirishani, kwanza polepole, kisha kwa nguvu, na muuza maziwa akashika breki za baiskeli yake kwa hofu hadi akaruka juu ya usukani. Nimemwomba msamaha, na amenisikia mara ya kwanza.